Nimepona au Ninaponywa? Ushuhuda wa Wakristo wa Eastlands Kama Utanzu wa Fasihi Simulizi

Utangulizi

Mwaka 2016 nilikuwa nikisahihisha insha za kidato cha tatu katika shule moja ya kutwa upande wa mashariki wa jiji la Nairobi. Swali lilikuwa la methali: Baada ya dhiki faraja. Mwanafunzi mmoja aliandika ukurasa mmoja na nusu kuhusu usiku mmoja wa Januari 2008, nyumba yao ilipochomwa na kaka yake mkubwa akaondoka asirudi. Wakati huo mwandishi wa insha hiyo alikuwa na umri wa miaka 8 hivi. Maelezo yake yalikuwa hai na lugha yake ilikuwa safi. Kisha, katika sentensi ya mwisho, alituambia kwamba mama yake aliokoka na tangu siku hiyo wakaishi kwa furaha.

Nilimpa alama 11 kwa 20. Pambizoni niliandika kwa wino mwekundu: "Faraja haijajengwa."

Kwa kanuni za utahini sikukosea. Methali ina sehemu mbili na mtahiniwa alikuwa ameshughulikia moja tu. Hata hivyo, nilikosea kama mwalimu wa fasihi, kwa kuwa sikujiuliza sentensi ile ya mwisho ilitoka wapi. Haikutoka katika riwaya wala tamthilia tuliyosoma darasani. Ilitoka katika utanzu ambao kijana huyo aliusikia kila wiki tangu utotoni, nyumbani na kanisani, nao ni ushuhuda. Aliazima mwisho wa utanzu huo akauacha mwili wake.

Makala haya yanauchunguza ushuhuda kama fasihi simulizi inayoishi katika mitaa ya Eastlands, hasa ule ushuhuda unaozungumzia majeraha ya nafsi yaliyodumu kwa miaka mingi. Hoja yangu ni moja. Nguvu ya ushuhuda katika kuponya haimo katika mwisho wake wa furaha. Imo katika kurudiwa kwake mbele ya hadhira ile ile, inayosikiliza na kuitikia. Anayeusoma ushuhuda kwa kuutazama mwisho tu, awe mhakiki, mwanafunzi au mchungaji, huukosa.

Usuli wa utanzu huu

Kutoa ushuhuda hadharani hakukuanza na makanisa ya mabati na vipaza sauti tunayoyaona leo. Chimbuko lake la karibu kwetu ni Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Rwanda na Uganda mwishoni mwa miaka ya 1920 na katika miaka ya 1930, ukaingia Kenya mwaka 1937. Ndugu wa Uamsho walikutana katika ushirika, wakaungama dhambi zao waziwazi, wakaeleza walikotoka na walikofika. Waliita hali hiyo kutembea nuruni. Wimbo wa Tukutendereza, wenye maneno ya Kiganda, uliimbwa na watu wasiojua Kiganda, na hadi leo unaimbwa katika mazishi na ushirika wa mitaani. Kwa Wakatoliki, jumuiya ndogondogo zilizohimizwa na maaskofu wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1970 zilileta jukwaa linalofanana na hilo: majirani wa ploti moja au mtaa mmoja wanakutana sebuleni mwa mwenzao, wanasoma Neno, kisha wanazungumza.

Mitaa yenyewe ilikuwa na mengi ya kusimuliwa. Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ya kikoloni ilianza Operesheni Anvil. Askari waliizingira Nairobi, wakapekua mitaa ya Waafrika kama Bahati, Kaloleni, Shauri Moyo na Pumwani, na maelfu ya wanaume wakapelekwa vizuizini Manyani na Mackinnon Road. Familia zilizobaki hazikupewa mahali pa kusema. Miaka zaidi ya 50 baadaye, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliingia Mathare, Huruma, Kariobangi na Dandora. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini kote. Nyuma ya kila kifo kimoja kati ya hivyo walibaki watu waliolazimika kuamka asubuhi iliyofuata na kwenda kutafuta maji, unga na kodi ya nyumba.

Watu hao walizungumzia wapi? Wachache walimwendea mshauri nasaha. Nairobi jina la hospitali ya Mathari limegeuzwa kuwa tusi, na mtu akisema moyo wake unamsumbua huogopa kuambiwa apelekwe huko. Jukwaa lililokuwa karibu, lisilolipiwa na lisilotiliwa shaka, lilikuwa ushirika wa Alhamisi jioni.

Sifa za kifani

Mtahiniwa wa Karatasi ya Tatu anajua kwamba utanzu hutambuliwa kwa sifa zake. Ushuhuda unazo, na zinadhihirika pasipo kulazimishwa.

Kwanza, una fomula ya kuanzia. Fanani husimama na kusema, "Bwana asifiwe," na hadhira hujibu, "Amina." Asiporidhika na jibu hurudia kwa sauti ya juu zaidi. Anaweza kuongeza, "Mungu ni mwema," akajibiwa, "Kila wakati." Kama ilivyo fomula ya paukwa na pakawa, kazi yake ni kuitenga simulizi na mazungumzo ya kawaida. Kuanzia hapo msemaji ana haki ya kusikizwa bila kukatizwa, hata akiwa yule muuza mboga ambaye siku nyingine hakuna anayempa nafasi ya kuzungumza.

Pili, una muundo wa hatua nne. Fanani hujitambulisha kwa uhusiano wake na Kristo, husimulia giza alimokuwa, hueleza siku ya mgeuko, kisha hutaja hali yake ya sasa na kuomba aombewe. Hatua hii ya nne ndiyo wanafunzi wetu huisahau. Anayeomba kuombewa anakiri mbele ya watu kwamba kazi haijakamilika. Kwa hivyo, katika muundo wake halisi, ushuhuda hauna mwisho uliofungwa.

Tatu, ni utanzu wa ushirikishi. Hadhira huitikia kwa "Amina," huanzisha pambio msimulizi akizidiwa na kilio, husogea ikamshika bega. Pambio linapoanzishwa wakati huo halikatizi simulizi. Humpa fanani muda wa kupumua.

Nne, lugha yake ina tabaka. Katika ushirika huohuo utasikia Kiswahili cha Biblia, Kiswahili cha Nairobi na Sheng. Aghalabu sehemu ya mgeuko husemwa kwa lugha ya Biblia, ilhali sehemu ya jeraha husemwa kwa lugha ya mtaani. Mwalimu asiuone mchanganyiko huu kuwa kosa la kisarufi. Ni mbinu ya kimtindo, kwa kuwa jeraha lilitokea katika lugha hiyo ya mtaani.

Uchambuzi wa sampuli moja

Nitachukua mfano wa mama mmoja katika ushirika wa nyumba kwa nyumba upande wa Huruma. Nilimsikia akitoa ushuhuda mara tatu katika vipindi tofauti vya maisha yangu: mara ya kwanza mwaka 2009, nikiwa bado mwanafunzi, mara ya pili mwaka 2014, nikiwa nimeanza kufundisha, na mara ya tatu mwaka 2019. Ameniruhusu kuandika na ameniomba nisimtaje.

Mara ya kwanza ushuhuda wake ulikuwa wa dakika mbili. Alisema Bwana alimtoa katika moto, amewasamehe wote, na amepona. Hadhira ikapiga makofi. Kijuujuu ulikuwa ushuhuda kamili. Hata hivyo, mhakiki anayesikiliza kisichosemwa angegundua kwamba hakumtaja mtu yeyote aliyekufa. Moto ulikuwa na kitenzi bali haukuwa na mahali wala saa.

Mara ya pili alisimama, akasema, "Bwana asifiwe," akanyamaza. Alinyamaza kwa muda mrefu hata mtu akaanzisha pambio. Lilipokwisha alisema kwamba alikuwa na mtoto wa kiume. Akataja jina lake. Kisha akaketi. Hakuna aliyepiga makofi, na mzee aliyeongoza ushirika alisema tu, "Tumesikia, mama." Kwa kipimo cha urefu na cha mwisho mwema, ushuhuda huo ulikuwa dhaifu kuliko ule wa 2009. Kwa kipimo cha ukweli ulikuwa umesonga mbele hatua kubwa.

Mara ya tatu alieleza kwamba kwa miaka 11 amekuwa akishuka matatu kituo kimoja kabla ya kile kilicho karibu na kwake, akizunguka kwa miguu ili asipite mahali alipomwona mwanawe kwa mara ya mwisho. Mvua inyeshe, mzigo uwe mzito, alizunguka. Akaendelea: "Jumanne nilipita. Dada mmoja wa ushirika alinishika mkono. Nilipita nimefumba macho, lakini nilipita. Muniombee, kwa sababu kesho nitapita tena."

Nilipomwendea baadaye kumwomba ruhusa ya kutumia maneno yake, aliniambia: "Andika, mwalimu. Lakini usiandike nimepona. Andika ninaponywa."

Walimu wa Kiswahili hatuna budi kutua hapa. Tofauti ya maneno hayo mawili ni ya kisarufi na ni ya kiimani kwa wakati mmoja. Nimepona ina kiambishi -me-, kinachoonyesha tendo lililotimia. Ninaponywa ina -na-, tendo linaloendelea, tena iko katika kauli ya kutendwa: yupo anayeponya, na mimi ndimi niponywaye. Vilevile kitenzi kupona kina maana mbili katika lugha yetu: kupata nafuu baada ya ugonjwa na kunusurika katika hatari. Mwaka 2009 mama huyu alikuwa amepona kwa maana ya pili, yaani hakufa. Hadhira iliyompigia makofi ilidhani amepona kwa maana ya kwanza. Utata kama huo umo katika neno kuokoka, ambalo ni kunusurika na pia ni kuipokea imani. Mwanafunzi wangu wa 2016 alipoandika kwamba mama yake aliokoka, huenda alikuwa akisema yote mawili bila yeye wala mimi kutambua.

Ulinganisho na Chozi la Heri

Ushuhuda huu unatusaidia kuisoma upya riwaya ya Assumpta K. Matei, Chozi la Heri, iliyochapishwa mwaka 2014, ambayo wengi wetu tuliifundisha. Mandhari yake ni ya kubuni, lakini majeraha yake yanakaribiana mno na yetu. Ridhaa anapoteza jamaa zake katika moto na anabaki akitazama magofu. Kaizari anashuhudia binti zake, Lime na Mwanaheri, wakibakwa. Umu anaachwa na wazazi, kisha anaibiwa nduguze.

Wanafunzi wakiulizwa majeraha hayo yanaponywa vipi, hukimbilia mwisho wa riwaya: Umu, Dick na Mwaliko wanakutana tena na chozi linakuwa la heri. Jibu hilo linakubalika, lakini si lenye kina. Kukutana kwao kunategemea sadfa, na mhakiki ana haki ya kuuliza kama sadfa inaweza kuponya. Mahali penye uzito zaidi ni Shule ya Tangamano, ambako Umu na wenzake, akina Kairu, Mwanaheri, Zohali na Chandachema, wanasimuliana waliyopitia. Hapo hakuna sadfa. Kuna msimulizi, kuna hadhira iliyowahi kuumia, na kuna zamu. Umu anagundua kwamba dhiki yake ina ndugu. Kimuundo, mkutano wa wasichana hao ni ushirika, ingawa hakuna aliyeanza kwa "Bwana asifiwe."

Imani nayo ina nafasi gani katika riwaya? Haikuwekwa mbele kama mahubiri. Inaonekana katika matendo, mathalani mtawa anayesimamia kituo kinachomlea Mwaliko mpaka anapopata wazazi wa kupanga. Ushuhuda wa mama wa Huruma unakubaliana na jambo hili. Katika simulizi yake ya tatu, Mungu hakushuka kituoni. Aliyekuwa pale ni dada mmoja na mkono wake. Mama huyo haoni mgongano kati ya mambo hayo mawili. Kwake, mkono ule ndio jibu la maombi.

Tofauti ipo pia. Riwaya sharti imalizike, kwa hivyo mwandishi anahitaji chozi la heri kabla ya jalada la nyuma. Ushuhuda hauna jalada. Alhamisi ijayo fanani yuleyule anaweza kusimama tena na kusema jambo jipya kuhusu usiku uleule.

Udhaifu na hatari za ushuhuda

Haitakuwa haki kuusifu utanzu huu bila kutaja madhara yake, nayo ni makubwa pale unapoongozwa vibaya.

Hatari ya kwanza ni kumlazimisha mtu amalize. Wapo viongozi wanaotaka kila ushuhuda ufike kwenye ushindi kabla ya sadaka. Anayesema bado anaumia huambiwa imani yake ni haba. Matokeo yake ni kwamba waumini hujifunza kunena nimepona ilhali ndani wanaungua. Mafundisho hayo hayana mashiko hata katika Maandiko yenyewe. Zaburi ya 88 ni maombolezo mwanzo hadi mwisho na inafungwa gizani, bila mstari wa kufariji, na bado imo katika kitabu cha sala. Katika Injili ya Yohana, sura ya 20, Kristo aliyefufuka anamwonyesha Tomaso alama za majeraha yake. Ufufuo haukuzifuta. Anayedai kwamba mwamini aliyeponywa hapaswi kuwa na kovu atatuambia nini kuhusu mikono hiyo?

Hatari ya pili ni msamaha wa haraka. Baada ya 2008 watu wengi walihimizwa kusamehe hata kabla hawajaulizwa walitendewa nini na nani. Ushuhuda ukitumiwa hivyo hugeuka kuwa chombo cha kunyamazisha. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyowasilisha ripoti yake Mei 2013 ilipokea taarifa zaidi ya 40,000 kutoka kwa wananchi, ithibati kwamba waliotaka kusikizwa na dola walikuwa wengi. Ushuhuda wa kanisani hauwezi kuchukua nafasi ya ule wa mbele ya tume au mahakama. Mungu akimfuta mtu machozi, serikali haijasamehewa deni lake.

Hatari ya tatu ni kudhani kwamba ushirika unatosha kwa kila mtu. Wapo wenye kukosa usingizi kwa miezi na wenye mawazo ya kujitoa uhai. Hao wanahitaji mshauri aliyefunzwa na daktari, pamoja na sala. Ridhaa mwenyewe ni daktari, na jeraha lake halikumheshimu kwa sababu hiyo.

Kwa darasa la fasihi

Mwalimu mwenzangu anayetaka kuutumia utanzu huu katika ukusanyaji wa fasihi simulizi azingatie mambo matatu. Mosi, wanafunzi waombe ruhusa ya fanani na ya kiongozi wa ushirika, na majina yafichwe. Pili, mwanafunzi asishurutishwe kusimulia jeraha lake mwenyewe kwa ajili ya alama. Katika darasa lolote la Eastlands wamo wanaobeba jambo, na ubao si madhabahu. Tatu, wanafunzi wasio Wakristo waruhusiwe kulinganisha na masimulizi ya jamii zao, maadamu hoja ni muundo, hadhira na uamilifu wa simulizi, wala si kuokoa roho.

Kwa mtahiniwa, ninarudi kwenye methali. Baada ya dhiki faraja haisemi baada ya muda gani. Inaweza kuwa baada ya siku moja, na inaweza kuwa baada ya miaka 11 na kituo kimoja cha matatu. Faraja katika insha haijengwi kwa sentensi moja yenye neno "aliokoka." Msomaji aonyeshwe aliyemshika mhusika mkono, alichoweza kufanya leo ambacho jana hakukiweza, na ambacho hadi sasa hakiwezi.

Hitimisho

Ushuhuda ni fasihi simulizi kamili: una fanani, hadhira, fomula, muundo na uamilifu. Katika mitaa ya Eastlands umewapa watu waliojeruhiwa mahali pa kulitaja jeraha, na imani ya Kikristo imewapa sababu ya kurudi kulitaja tena. Uponyaji wake hupimwa kwa yale ambayo fanani ameweza kusema mwaka huu na hakuyaweza mwaka uliopita.

Ningepewa karatasi ile ya 2016 leo, pengine alama isingebadilika sana. Ila nisingeandika kwamba faraja haijajengwa. Ningeandika: "Mama yako aliokoka. Yuko vipi sasa?" Kisha ningemwita kijana huyo pembeni, nikasikiliza.

Maswali ya kudurusu

1. Ushuhuda una sifa zipi zinazouweka katika fasihi simulizi? Fafanua sifa nne. (alama 8)

2. "Anayeomba kuombewa anakiri kwamba kazi haijakamilika." Jadili kauli hii kwa kurejelea muundo wa ushuhuda. (alama 6)

3. Linganisha nafasi ya hadhira katika ushuhuda na katika masimulizi ya wanafunzi wa Shule ya Tangamano, Chozi la Heri. (alama 10)

4. Eleza tofauti ya maana kati ya "nimepona" na "ninaponywa" kwa kuzingatia viambishi vya wakati na kauli za kitenzi. (alama 4)